Mnanaa Chini ya Kuba

Leo tena mashine ya kukatia nyasi imepita juu yake
na harufu ikapanda hadi kwenye ngazi za Bunge la Jimbo.
Mnanaa.
Mbunge mmoja wa kaskazini alisimama, akanusa,
akageuka huku na huku kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni,
kisha akaingia ndani kupigia kura bei ya maziwa.

Mimi ndiye mtunza bustani. Mwaka wa ishirini na mbili huu
nakata nyasi za watu wote,
maana kibao cha shaba kinasema ni za watu wote.
Na ni nzuri, sikatai. Mialoni imesimama safu kwa safu,
chemchemi inaruka saa tatu kamili,
maharusi huja Jumamosi kupigwa picha.

Mwanzoni zilikuwa ekari kumi tu.
Kuba lilipokwisha kuvikwa shaba,
wakubwa walilitazama kutoka stesheni ya treni
wakaona mbele yake kamba za nguo,
mabanda ya kuku, moshi, sinagogi lenye paa la bati,
kanisa la Weusi waliopanda kutoka kusini.
Wakasema kito kimewekwa kwenye sinia chafu.
Wakamleta msanifu kutoka Boston,
akachora kwa rangi za maji barabara pana
na watu wadogo wenye miavuli.
Katika mchoro ule hakuna hata mmoja aliyebeba kitu.

Sheria ikapita. Kura arobaini na moja kwa sita.
Mwenye nguvu mpishe, ndiyo;
lakini hawa walipisha huku wakiandikwa.

Karani wa tathmini, Amos Strickler, alikuwa na mwandiko mzuri.
Nimelisoma daftari lake katika ghala la nyaraka:
Kiwanja 19. Mjane Dorcas Pettiford. Dobi.
Vyumba vitatu, bomba moja uani, paa bovu kiasi.
Dola mia tisa na themanini.
Na pembeni, kwa penseli, neno lisilokuwa na safu yake:
Anauliza nani atalipia mnanaa.

Hyman Sobel, fundi viatu, alikwenda mahakamani
akaongezewa dola sitini.
Akina Brannigan waliondoka usiku na milango yao,
wameing'oa pamoja na bawaba.
Dorcas alifua hadi siku ya mwisho:
mashati ya wabunge walewale,
akayatia wanga, akayapiga pasi,
akayapeleka kwa mlango wa nyuma.
Wakayavaa siku ya kukata utepe.

Halafu ikaja vita, fedha zikakauka,
na kwa miaka tisa urembo wote ulikuwa shimo la tope
ambamo watoto waliteleza barafu wakati wa baridi.
Sijui kama kuna aliyeifurahia bustani hii kuliko wao.
Baadaye kila gavana akatia lake:
huyu waridi, huyu jenerali juu ya farasi,
huyu maegesho ya magari mia tatu
ambayo mwingine aliyafukua kurudisha nyasi.

Mimi si wa ukoo wao hawa.
Babu yangu alikuja kuchimba makaa ya mawe,
hakuwahi kuliona kuba ila kwenye kalenda.
Lakini mkono wangu umekwisha kukutana na kitasa cha kauri,
soli ya kiatu cha mtoto, kipande cha pasi,
na kila Aprili, katikati ya tulipu elfu nne za Uholanzi,
yale majani yenye meno madogo.

Msimamizi, Bi Yoder, alinipa dawa ya kuua magugu.
Iko ghalani. Lakiri haijakatwa.
Saa nne natia majani matatu kwenye chupa yangu ya chai.

Wiki ijayo anaapishwa gavana mpya
na nimeagizwa kunyoosha kingo za kitalu.
Nitazinyoosha kwa kamba,
zinyooke kama mistari ya daftari la Strickler.
Chini ya kamba, shubiri moja kwenda chini,
mizizi inavuka.